Kisanduku cha Bei ya Kati

Jumamosi ya tarehe 14 Machi 1998, mwalimu wa kwaya Mika Kaaya aliandika mstari mmoja kwa wino wa kijani katika daftari la mahudhurio la Kwaya Kuu ya Nkoasuwa, usharika wa Kilutheri ulio juu ya Usa River: "Aminiel Akyoo, besi, ameacha." Daftari bado lipo katika kabati la ofisi ya usharika, na mstari unasomeka vizuri. Kilichoandikwa hakikuwa kweli. Aminiel hakuacha. Mika alimwambia atoke.

Kosa la Aminiel lilikuwa kuimba noti ambazo Mika hakuzisikia kwenye kaseti. Wimbo wenyewe, "Tumekuja na Mavuno," ulirekodiwa mwaka 1978, kwaya iliposafiri hadi studio moja ya Moshi. Miezi kadhaa baadaye santuri zilifika, zikagawiwa wachungaji na wageni, zikapotea moja moja. Kilichobaki ni kaseti, nakala iliyotolewa kwenye santuri na fundi redio wa mjini katika miaka ya themanini. Mika alipokabidhiwa kwaya mwaka 1991 alijifunza wimbo kwa kaseti hiyo. Aliisikiliza mpaka utepe ukaanza kulegea. Soprano walikuwa wazi, alto walikuwepo, na waimbaji wa tena, sauti ya juu ya wanaume, walikuwepo. Besi walisikika kwa mbali wakishikilia noti moja, do, mstari mzima, kama watu waliosimama kusubiri gari. Mika akaandika do, akafundisha do.

Aminiel alikuwa na kingine. Baba yake, mzee Elinipa Akyoo, alikuwa mmoja wa besi watano waliokwenda Moshi, na alimrithisha mwanawe sauti ile ya besi shambani, wakipalilia kahawa. Besi ya mzee haikushikilia mahali. Ilishuka, do, ti, la, so, hatua kwa hatua, wakati sauti nyingine zinapanda.

"Haipo kwenye kaseti," Mika alimwambia siku ile ya Machi, mbele ya wanakwaya.

"Kwani mimi nimezaliwa na kaseti?" Aminiel alijibu, na mstari mzima wa besi ukacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Mika alikuwa na miaka thelathini na saba, hakuwa amesomea muziki popote zaidi ya semina mbili za kanisa, na sifa yake yote ilikuwa usahihi. Mzee Elinipa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wenzake wanne ama walikuwa wamemtangulia, ama wamehamia mbali na hawakumbuki. Hapakuwa na wa kuulizwa. Aminiel alichukua koti lake, akaenda.

Jambo hilo lingeweza kuisha lenyewe, kama ugomvi mwingi wa kwaya unavyoisha, isipokuwa kwamba Aminiel ni kaka wa Tabitha, mke wa Mika. Kwa miaka ishirini na saba mashemeji hawa wawili walisalimiana misibani. Mazungumzo yao marefu zaidi yalikuwa kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa, baada ya ibada: Mika akipandisha bei ya mkungu wa ndizi, Aminiel naye anapandisha, wote wawili wakimtazama mnadishaji, hakuna anayemtazama mwenzake. Na kila Sikukuu ya Mavuno, wimbo ule ukianza, Aminiel aliinuka benchi la nyuma na kutoka nje kutazama kama mvua inakuja.

Februari mwaka 2025, mjane wa mchungaji mmoja wa zamani alifungua sanduku la marehemu na kukuta santuri katika jalada lake, ikiwa na mkwaruzo mmoja. Akampelekea Mika. Calvin, mwana wa Mika, anayefanya kazi katika hoteli moja ya watalii Usa River, alimnunulia baba yake mashine ya santuri kutoka kwa mgeni aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Akaiunganisha na sabufa ya sebuleni, akaweka sindano, akarudi kazini.

Mika aliketi kwenye ukingo wa kochi. Alikuwa amebakiza miezi kumi kabla ya kukabidhi kwaya, na alitaka jambo moja tu litulie kabla hajaondoka: kwamba alimtoa Aminiel kwa haki. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na ya chini, hata baada ya kuzungusha kitufe hadi mwisho. Lakini ilikuwa ile ile ya kaseti. Besi, kwa mbali, do.

"Umesikia?" alimuuliza Tabitha.

"Nimesikia mbu."

"Besi, Mama Calvin. Wamesimama pale pale."

Tabitha alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo. "Baba yangu alikuwa akiongea jikoni, vikombe vinalia kabatini. Huyo wako hapo hata kijiko hakitikisi. Mashine yako mbovu, Baba Calvin. Ipeleke kwa fundi."

Aliipeleka, lakini kwa sababu yake mwenyewe. Alitaka sauti iongezeke ili kwaya nzima isikie na maneno yaishe.

Namnyaki Lukumay ana karakana ya vyombo vya sauti huko Elerai, mjini, chumba kimoja chenye meza ndefu na harufu ya risasi ya kuchomelea. Ana miaka thelathini na sita. Wateja wake ni makanisa na baa, na anasema kuwa wote wanaunguza spika kwa namna moja. Mika alimweleza shida yake. Namnyaki aliifungua mashine, akaitazama sindano kwa lenzi, akazungusha sahani kwa kidole, akaifunga.

"Shikamoo tena, Mwalimu, maana nitakachosema kitakukera. Mashine yako nzima. Mmeruka kitu."

"Kitu gani?"

"Priampu. Kisanduku kinachokaa kati ya mashine na amplifaya."

"Cha kuongeza sauti."

"Kuongeza sauti ni nusu ya kazi yake." Alichukua karatasi, akachora mstari wenye mawimbi. "Santuri ni mfereji. Besi ikichongwa kama ilivyo, mfereji unakuwa mpana, sindano inaruka, na nyimbo hazitoshi upande mmoja. Kwa hiyo wanaochonga wanaipunguza besi kwa makusudi, na sauti nyembamba wanazizidisha. Kwa kipimo kimoja, dunia nzima. Kisanduku kinajua kipimo hicho. Kinarudisha kilichopunguzwa na kupunguza kilichozidishwa. Ukikiruka, besi inabaki imepunguzwa, na kadiri noti inavyoshuka ndivyo inavyozidi kupotea; sikio linabaki na ile ya juu tu."

Mika aliitazama karatasi. Ni mtu anayependa kueleweshwa, na kwa muda mfupi alifurahi tu kuelewa.

"Nina kaseti," alisema. "Ilinakiliwa kwenye santuri kama hii, zamani."

"Kwa kisanduku au bila?"

"Nitajuaje?"

"Rahisi. Kaseti na hiki ulichokisikia nyumbani, vinafanana?"

"Vinafanana kabisa," alisema Mika, na sentensi ilikuwa haijaisha alipoona alichokuwa anakubali.

Namnyaki hakujua habari za Aminiel. Aliendelea na yake. Alikuwa na visanduku viwili dukani, na cha tatu angeweza kukiagiza Nairobi. Hakutaka kuuza siku hiyo. Alimwambia arudi Alhamisi na santuri yenyewe, wavijaribu kwenye mashine ya Mika mwenyewe, kwa sababu kisanduku kinachofaa kwa sindano moja kinaweza kisifae kwa nyingine. Ndivyo anavyofanya na kila mteja, na ndiyo sababu hauzi sana.

Jumatano jioni Mika alisema kuwa huenda Alhamisi mvua itanyesha na santuri si kitu cha kulowesha. Tabitha alikuwa anachambua maharage.

"Tunakwenda," alisema.

"Tunakwenda nani?"

"Mimi na wewe. Wewe unakwenda kusikiliza besi. Mimi nakwenda kumsikiliza baba yangu."

Mvua haikunyesha. Kufika saa nne asubuhi mashine ilikuwa juu ya meza ya Namnyaki, na spika mbili kama zile za sabufa ya Mika, moja kila upande, kwa sababu alikataa kupima kitu kwa spika ambazo mteja hana nyumbani.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa cha plastiki nyeusi, chepesi kama kiberiti, shilingi elfu tisini na tano. Namnyaki alikiunganisha, akafunga waya wa ethi, wa kupunguza mvumo, akashusha sindano kwenye wimbo wa tatu wa upande wa pili. Sauti ilijaa chumba. Soprano hawakuwa mbu tena. Lakini chini yao kulikuwa na mvumo mzito usiokatika, na besi, kama walikuwepo, walikuwa ndani yake. Mika aliinamisha kichwa. Mvumo ulikuwa kama do.

"Hiki kinatosha," alisema.

"Kinatosha nini?" aliuliza Tabitha.

"Sauti imeongezeka. Bei nzuri. Sisi si watu wa redio."

Namnyaki alinyanyua sindano. Santuri ilinyamaza, mvumo ukabaki. "Unasikia, Mwalimu? Hakuna anayeimba hapo. Ni umeme wa ukutani, adapta yake ni mbovu. Na umekaa pale pale ambapo besi wanaishi. Kwa kusikiliza taarabu jikoni sawa, chukua. Kwa besi nitakuwa nimekudanganya."

"Nimesema kinatosha, binti."

Mika anakiri sasa kwamba alijua alichokuwa anafanya. Kisanduku kile kilikuwa kinampa nafasi ya kumwambia mtu yeyote kwamba alinunua chombo, akasikiliza, na hakusikia kitu.

"Tuwekee kingine, mwanangu," Tabitha alimwambia Namnyaki, kwa upole ule ambao Mika anaujua kuwa si wa kujadiliwa.

Cha pili kilikuwa cha chuma, kizito, chenye adapta kubwa ya kukaa mbali nacho, skrubu ya ethi iliyoshika, na swichi ndogo nyuma ya kuchagua aina ya sindano. Shilingi laki tatu na elfu themanini. Mara ya kwanza sauti ilitoka ikiwa imepasuka, watu wote wanapiga kelele, na Mika akainua mkono kama aliyeshinda. "Unaona! Cha bei mbaya kumbe kibovu."

"Swichi," alisema Namnyaki. "Mimi ndiye niliyekosea. Imewekwa kwa sindano dhaifu, yako ina nguvu." Aliisogeza, akapunguza sauti, akaanza tena.

Kwanza kulikuwa na kimya ambacho hakikuwemo kwenye kisanduku cha kwanza. Kisha kwaya ikaingia. Mstari wa kwanza besi wote wanaimba do. Mstari wa pili soprano wakaanza kupanda, na chini yao, wazi kama mtu anayeshuka kutoka darini, besi watano wakaenda do, ti, la, so.

Kwenye so kulikuwa na sauti moja iliyofika nyuma kidogo ya wenzake, si kwa kuchelewa, ila kama mtu mnene anayekaa kitini taratibu. Tabitha aliweka mkono mdomoni.

"Huyo," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akisema amina. Watu wote wamemaliza, yeye bado."

Mika alitoa kalamu, akageuza karatasi ya mchoro wa Namnyaki, akaomba wimbo urudiwe. Uliporudiwa aliandika. Alirudia mara nne. Alikuwa akifanya kazi aliyoifanya mwaka 1991, kwa mkono ule ule, noti baada ya noti, na safari hii alikuwa nazo zote. Katika mistari miwili ya mwisho besi walifanya kitu kingine ambacho hata Aminiel hakuwahi kukiimba: walipanda hadi fa, wakakaa hapo kidogo, halafu wakashuka chini kabisa, do ya chini, ambayo ni wanaume wachache wanaoifikia. Alipomaliza alisoma alichoandika kuanzia juu hadi chini, akakunja karatasi mara mbili.

"Na kile cha Nairobi?" aliuliza. Hakuwa anatania. Mtu wa usahihi huuliza.

"Milioni moja na laki nne," alisema Namnyaki. "Nakuletea ukitaka. Lakini kwa spika hizi, na sindano hii, na ule mkwaruzo, hutasikia tofauti. Mimi mwenyewe sitaisikia. Cha kwanza kinakuficha kitu. Cha tatu hakina cha kukuongezea."

"Basi nipe hiki."

"Una hakika? Nusu saa iliyopita ulikuwa na hakika na kile."

"Mpe hicho, mwanangu, kabla hajapata hakika nyingine," alisema Tabitha.

Pesa ilikuwa ya ndama waliyemuuza Januari, na ilikuwa imepangiwa bati za jiko. Tabitha ndiye aliyeitoa kwenye pochi yake.

Jumapili baada ya ibada Mika hakukaa mnadani. Alipanda njia ya migomba hadi kwa Aminiel, dakika ishirini, akiwa peke yake kwa sababu Tabitha alikataa kumsindikiza. Aminiel ana miaka sitini na minane. Alikuwa amevua koti la kanisani na anakata majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe.

"Shemeji," alisema bila kusimamisha panga. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umepotea njia. Hapa unakujaga na msiba."

"Nimesikia besi," alisema Mika.

"Ipi?"

"Ya mzee. Santuri imepatikana. Nimenunua chombo kinachoitoa besi. Kaseti haikuwa nayo, fundi hakuitoa." Alijua kwamba maneno yanakimbilia kwa fundi, akayarudisha. "Na mimi sikuitafuta."

Panga lilisimama. "Inashuka?"

"Inashuka. Do, ti, la, so."

Aminiel alilichomeka panga kwenye shina. Hakucheka, na Mika, aliyejiandaa kwa kicheko, hakujua aweke wapi mikono yake. Akafungua ile karatasi. "Ila kuna kitu wewe hukukiimba. Mwishoni. Wanapanda fa, halafu wanashuka do ya chini."

"Sikukiimba?" Aminiel alisema. "Mika, ulinisimamisha mstari wa pili. Mwisho ningefikaje?"

Ng'ombe alivuta jani. Mika alikunja karatasi.

"Nilikosea, shemeji."

"Sema tena. Sikio la huku limezeeka."

"Nilikosea."

"Sikio ni zima. Nilitaka tu kulisikia neno hilo mara mbili." Ndipo akacheka, lakini si kwa muda mrefu. Alimwita mkewe alete chai, akamwonyesha Mika gogo la kukalia, na wakakaa. Mika alieleza alichotaka: Sikukuu ya Mavuno ni Agosti, besi wa sasa ni vijana na watu wazima kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja anayejua zaidi ya do. Alitaka Aminiel awafundishe.

Aminiel alikunywa chai hadi nusu kabla ya kujibu.

"Umechelewa," alisema. "Sauti yenyewe imebaki nusu. So naifikia. Ile do ya chini, ya mwisho, siifikii tena. Nimejaribu hapa hapa na ng'ombe. Mwaka 1998 nilikuwa nayo, ningewapa bure."

Mika anasema alitazama chai yake. Miaka ishirini na saba ni umri wa sauti, na hakuna kisanduku cha bei yoyote kinachorudisha kilichopunguzwa hapo.

"Njoo hivyo hivyo," alisema mwishowe.

"Nitakuja. Nije nimsikie baba, halafu nifundishe. Lakini sifundishi besi huku wewe umesimama mbele unanipungia mkono. Utakaa nao."

"Mimi ni tena."

"Utakuwa besi. Utakaa mstari wa nyuma, utaimba ninavyokuambia, na ukikosea nitakusimamisha."

"Mstari wa pili?"

"Popote utakapokosea."

Mika alikubali. Aminiel alimsindikiza hadi kwenye kona ya migomba, akamuuliza chombo hicho kimemgharimu kiasi gani, akasikia, akasema kwamba kwa pesa hiyo yeye angeimba mwaka mzima.

Mazoezi ni Jumamosi. Calvin ataleta gari saa nane mchana na kupeleka mashine, kisanduku cha chuma na sabufa kanisani. Aminiel ataanza na besi peke yao saa tisa. Pale ambapo sauti yake haifiki, santuri itawaonyesha. Mika atakaa mstari wa nyuma. Sauti nyingine zitaingia saa kumi.